Ernst May: Nyumba na Matakwa ya Mwenyewe

Miongoni mwa wasanifu majengo waliofanya kazi Afrika ya Mashariki katika zama za ukoloni, hapana aliyeingia na sifa kubwa kama Ernst May, na hapana aliyeingia kwa unyonge kama yeye. Aliposhuka Tanganyika mapema mwaka 1934 alikuwa na umri wa miaka 47. Kwa miaka mitano alikuwa ameshika ujenzi wote wa mji wa Frankfurt, kisha kwa miaka mitatu akawachorea Warusi miji mizima ya viwanda. Na sasa alikuwa mkulima wa kahawa, asiye na mji wa kujenga wala nchi ya kurejea. Waandishi wa Ulaya aghalabu humtaja kwa ajili ya Frankfurt, na ile miaka yake karibu ishirini ya Arusha, Nairobi na Kampala huipitia upesi, kana kwamba ilikuwa likizo ndefu. Sura hii itaipima safari yake kwa mizani nyingine, kwa kuwa katika maisha ya mtu huyu mmoja swali lile lile lilirudi kila alipohama: nyumba ya umma hujengwa kwa matakwa ya nani?

May alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Elimu yake aliitafuta Uingereza na Ujerumani, walakini mwalimu aliyemwathiri kupita wote hakuwa wa darasani. Baina ya mwaka 1910 na 1912 alifanya kazi katika afisi ya Raymond Unwin, Mwingereza aliyeshughulika na ujenzi wa Hampstead Garden Suburb nje ya London, na humo alijifunza mafundisho ya watu wa miji ya bustani: kwamba mji ukikua haifai kuuacha ulundikane juu ya nafsi yake, bali yafaa kuuzungushia vitongoji vilivyotengwa kwa mashamba na miti, kila kitongoji kikiwa na maduka yake, shule yake, na bustani kwa kila nyumba. Baada ya Vita Kuu ya kwanza aliyajaribu mafundisho hayo katika vijiji vya Silesia, alikojenga nyumba za bei nafuu za watu wa mashamba, na mwaka 1925 Meya Ludwig Landmann akamwita nyumbani Frankfurt awe mkuu wa ujenzi wa mji.

Ili kuifahamu kazi ya Frankfurt, hapana budi msomaji ajue kwanza fedha zilitoka wapi. Mfumuko wa bei wa mwaka 1923 ulikuwa umeifanya sarafu ya Ujerumani kuwa karatasi tupu, na kwa ajili hiyo wenye majumba waliokuwa na madeni ya rehani waliyalipa kwa fedha zisizo na thamani, wakabaki na mali isiyo na deni. Serikali ikaona si haki wafaidi peke yao katika msiba ulioteketeza akiba za watu wengine wote, na mwaka 1924 ikaweka kodi juu ya majumba ya zamani, na sehemu ya mapato yake ikaelekezwa kwenye ujenzi wa nyumba mpya. Basi May alipata mambo matatu ambayo ni nadra kukutana mkononi mwa msanifu mmoja: fedha za kudumu, mamlaka juu ya ardhi, na meya aliyemwamini. Kwa muda wa miaka mitano tu mji ule ulijenga nyumba zipatazo 12,000 na zaidi.

Hazikuwa nyumba za kubahatisha. Katika bonde la mto Nidda aliviweka vitongoji kama Praunheim na Römerstadt, na hiki cha pili, chenye makazi yapatayo 1,200, kilikuwa na umeme katika kila nyumba, jambo ambalo wakati ule hata matajiri wengi hawakuwa nalo. Mji ulianzisha karakana yake ya kufyatua mabamba makubwa ya zege jepesi, yenye urefu wa mita 3, ambayo yalichukuliwa hadi kiwanjani na kuinuliwa kwa winchi, ukuta ukasimama kwa siku chache mahali ambapo waashi wangetumia majuma. Vitasa, milango, mabafu na taa vilichaguliwa kwa sampuli moja, vikaagizwa kwa maelfu, bei ikashuka. Paa zilikuwa bapa, na ubapa huo ulizusha ugomvi mkubwa, kwani wapinzani wake walidai kuwa paa lisilo na mgongo si la Kijerumani.

Katika kazi yote hiyo, kitu kilichokwenda mbali zaidi duniani kilikuwa chumba kidogo kuliko vyote. Mwaka 1926 mwanamke aitwaye Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu kutoka Vienna aliyeitwa na May, alichora jiko lenye upana usiotimia mita 2 na urefu wa mita 3 na nusu hivi. Alikuwa ameyatazama majiko ya mabehewa ya chakula katika treni, akapima hatua na dakika anazozitumia mama wa nyumba, kisha akapanga kila kitu mahali ambapo mkono ungekifikia bila mwili kuzunguka bure. Chini ya dirisha palikuwa na meza ya kukatia, na mbele yake kigoda cha kuzunguka. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Taa ilitelezeshwa juu ya reli darini kufuata kazi. Na ukutani palipangwa vitoleo vya alumini vyenye mikono, kila kimoja kimeandikwa jina la kitu chake, mchele, sukari, dengu, ambavyo mpishi alivivuta na kumimina moja kwa moja katika sufuria. Unga peke yake ulitengewa droo ya mti wa mwaloni, kwa kuwa mti huo wadudu wa unga hawaupendi. Hata rangi ya buluu iliteuliwa kwa imani kuwa nzi huikimbia. Jiko la namna hii lilitiwa katika nyumba zipatazo 10,000.

Pamoja na sifa zote hizo, dosari mbili zilikuwamo, na yatupasa kuzitaja kwa kuwa zitarudi mbele. Ya kwanza, jiko lile lilikuwa la mtu mmoja. Mama aliyezoea kupika huku watoto wamemzunguka na jirani ameketi mlangoni alijikuta yu peke yake. Ya pili, pango lilikuwa kubwa. Vibarua wa tabaka la chini, ambao kwa jina lao mradi wote ulianzishwa, aghalabu hawakuliweza, na nyumba nyingi zikaingia mafundi stadi, makarani na walimu. May na wenzake walilijua tatizo hilo, na mkutano wa pili wa wasanifu wa kisasa wa dunia, uliofanyika Frankfurt mwaka 1929, ulichukua suala la nyumba ndogo ya kiwango cha chini kabisa cha maisha ya heshima kuwa mada yake kuu. Lililo muhimu ni hili: mpangaji wa Frankfurt alikuwa raia. Alikuwa na kura, chama, gazeti, na diwani wa kumlalamikia, na msanifu alitakiwa kujibu.

Msukosuko wa uchumi wa mwaka 1929 ulikausha fedha. Mwaka 1930 May aliondoka na kundi la wasaidizi wake kwenda Urusi ya Kisovieti, kwa mwito wa serikali iliyokuwa katika mpango wake wa kwanza wa miaka mitano, na miongoni mwa kazi alizokabidhiwa ni mji wa Magnitogorsk, uliokuwa ukiinuka nyikani kando ya mlima wa chuma. Alifikiri amepata kwa wingi kile alichokipata kwa kiasi huko kwao. Lakini alikuta viwanda vimekwisha kuwekwa mahali pake na majengo yameanza kabla ramani hazijatimia, saruji na mbao zikienda kwanza kwenye tanuri za chuma, na amri kutoka juu zikigeuka kila baada ya miezi michache. Nyumba iliyochorwa kwa jamaa moja ilikaliwa na jamaa kadhaa, kila moja na chumba chake. Huko hapakuwa na diwani wa kulalamikiwa. Mwenye kutaka alikuwa dola, na mpangaji hakuulizwa. Mwishoni mwa mwaka 1933 May alitoka. Kurudi Ujerumani hakukuwezekana, kwa maana Hitler alikuwa ameshika serikali tangu Januari ya mwaka ule, na mtu wa ukoo wa Kiyahudi, aliyejenga nyumba za paa bapa na kuwatumikia Warusi, asingepata amani chini ya utawala huo.

Ndivyo alivyofika Tanganyika. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza kwa udhamini, ingawa Wajerumani wengi walikuwa wamerejea na kufungua mashamba pande za Arusha na Moshi. May alinunua shamba karibu na Arusha, akalima, akajifunza mvua na udongo, na hapana shaka kwamba miaka ile ilimfundisha jua la nchi hizi kuliko kitabu chochote. Mwaka 1937 aliliacha shamba akafungua afisi Nairobi, na wateja wake wa kwanza wakawa walowezi na wafanyabiashara. Vita vilipoanza, Waingereza walimhesabu kuwa adui kwa kuwa ni Mjerumani, wasijali kwamba Wajerumani wenyewe wangemtia gerezani. Akapelekwa kizuizini Afrika ya Kusini, akakaa huko toka 1940 hadi 1942.

Baada ya kurudi Nairobi ndipo alipofanya kazi zake mbili za makazi ambazo msomaji wa Afrika ya Mashariki yampasa kuzichungua. Ya kwanza ilikuwa ramani ya upanuzi wa mji wa Kampala, aliyoishughulikia kuanzia mwaka 1945 na kuitolea taarifa mwaka 1947. Humo utamwona mwanafunzi wa Unwin waziwazi: barabara zifuatazo miinuko ya vilima, mabonde yaliyoachwa kijani, maduka na shule katikati ya kila mtaa. Walakini mitaa yenyewe iligawanywa kwa rangi za watu. Kilima cha Kololo kilielekezwa kwa Wazungu na Waasia, na Naguru kwa Waafrika, na yale mabonde ya kijani, ambayo Frankfurt yalikuwa mahali pa watu wote kupanda mboga na kutembea jioni, hapa yalitimiza kazi ya mpaka. Kanuni ile ile ya usanifu ilitumika kuwakutanisha watu katika nchi moja na kuwatenga katika nchi nyingine, na mkono ulioichora ulikuwa mmoja.

Kazi ya pili ilikuwa nyumba ya bei nafuu kwa ajili ya Mwafrika wa mjini. May aliyarejea mabamba yake ya zege ya Frankfurt, akayafikiria upya: badala ya ukuta na paa, alichora mbavu za zege zilizopinda kama tao toka ardhini hadi kileleni, na juu ya mbavu hizo yakatundikwa kwa kulabu mabamba mepesi, hata ukuta na paa vikawa kitu kimoja. Hoja zake za kiufundi zilikuwa nzuri. Mabamba yangefyatuliwa karakanani na watu wasio mafundi, nyumba ingesimamishwa upesi, na mchwa asingekuwa na la kula. Lakini umbo lile alilitetea pia kwa hoja ya pili, kwamba linafanana na nyumba ya msonge ambayo Mwafrika ameizoea, na kwamba mtu huyu apaswa kuongozwa hatua kwa hatua toka nyumba ya kijijini hadi nyumba ya kisasa. Hapo ndipo elimu yake ilipomhadaa. Mtu aliyehamia Nairobi au Kampala mwaka 1945 alikuwa askari aliyerudi kutoka Burma, karani, fundi wa reli, mwalimu. Alitaka ukuta wima wa kuegeza kabati na kutundika picha, chumba cha wageni, mlango wenye kitasa cha kufunga. Alitaka, kwa ufupi, nyumba kama zile ambazo May mwenyewe aliwajengea makarani wa Römerstadt. Hakuulizwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; na mfumo ule wa matao ulifika daraja ya majaribio ukakomea hapo.

Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kumhukumu kwa mambo hayo mawili peke yake, kwa maana katika majengo ya umma ustadi wake ulizaa matunda yaliyodumu. Alifahamu kwamba karibu na ikweta jua la adhuhuri hupita juu ya utosi, hivyo ukuta wa kaskazini na wa kusini hukingwa kwa urahisi na ukingo mfupi wa paa, ilhali jua la asubuhi na la alasiri huingia kwa mlalo, na hilo halikingwi na ukingo wowote. Kwa hiyo alilaza majengo yake toka mashariki kwenda magharibi, akayafanya membamba ili upepo upite toka upande hadi upande, na mbele ya madirisha akaweka kumbi za wazi na mapazia ya zege. Mafundi wetu wa pwani walikuwa wameyatatua matatizo hayo hayo kwa njia yao karne nyingi kabla, kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, na ua katikati ya nyumba. May aliyatatua kwa zege na hesabu za pembe za jua. Katika shule ya wasichana ya Aga Khan huko Kisumu, mji wa joto la ziwa, na katika Oceanic Hotel ya Mombasa, jengo refu lililopinda likiielekea bahari ili kila chumba kipate mandhari na pepo zake, maarifa hayo yaonekana dhahiri. Hali kadhalika Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, lililofunguliwa mwaka 1954, ni kazi yake.

Lakini jengo ambalo ningependa msomaji alizuru kabla ya yote liko Moshi, karibu na mnara wa saa. Ni jengo la Chama cha Ushirika cha KNCU, lililojengwa baina ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950. Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa wamelima kahawa kwa miongo mingi, wakipingwa na walowezi waliotaka zao hilo liwe la Wazungu peke yao. Mwaka 1925 waliunda chama cha kuutetea mmea wao, na mwaka 1933 kikazaliwa chama hiki cha ushirika, ambacho kilikusanya kahawa ya mlimani na kuiuza kwa jina moja. Baada ya vita bei ya kahawa ilipanda, hazina ikajaa, na wakulima wakaazimia kujenga. Ingawa meneja wa chama alikuwa Mwingereza, fedha zilikuwa za wakulima, na haja waliyompelekea msanifu ilikuwa haja ya watu wanaojijua: makao ya afisi zao katikati ya mji, maduka chini yenye kuleta kodi, vyumba vya kulala wageni, na mkahawa ambapo mtu wa mlimani aliyeshuka kwa shughuli angeketi kwa heshima na kunywa kahawa aliyoilima, katika mji ambao mahoteli mengine hayakuwa na nafasi yake.

Tazama, basi, tofauti. May aliyewachorea Waafrika wa Kampala nyumba za matao kwa sababu hawajawa tayari kwa nyumba nyingine, aliwachorea Waafrika wa Moshi jengo la kisasa la ghorofa, lenye mistari iliyonyooka, kumbi za kivuli, na sakafu ya juu ambayo kutoka kwake mtu huuona Kilimanjaro wote mawingu yakiondoka. Hapakutajwa msonge. Hapakutajwa hatua kwa hatua. Maarifa ya msanifu hayakuwa yamebadilika, wala fikira zake juu ya Waafrika, kwa kadiri tuwezavyo kuamua kwa maandishi yake. Kilichobadilika ni kwamba safari hii Mwafrika alikuwa mwenye kazi, na May alikuwa mwenye kuajiriwa.

Mwishoni mwa mwaka 1953, mwaka mmoja baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Kenya, May alirudi Ujerumani akiwa na miaka 67. Nchi ilikuwa magofu na uhitaji wa nyumba haukuwa na kifani. Akawa mkuu wa mipango wa Neue Heimat, shirika la nyumba la vyama vya wafanyakazi, huko Hamburg, na baadaye akashiriki kupanga Neue Vahr ya Bremen, mtaa wa makazi yapatayo 10,000 uliojengwa kati ya mwaka 1957 na 1962. Kazi ilikuwa kubwa kuliko ile ya Frankfurt, lakini mapenzi hayakuwa yale; watu waliosifu bustani za Römerstadt waliyaona majengo marefu ya Bremen kuwa baridi. Alifariki Hamburg mwaka 1970.

Huku kwetu hesabu ya majengo yake yaendelea kuandikwa. Mwaka 2011, serikali ya Uganda ilipotangaza kusudio la kulivunja Jumba la Makumbusho na kusimamisha mahali pake mnara wa biashara wa ghorofa 60, wananchi walipinga, wakaenda mahakamani, na jumba likabaki. Mwaka huo huo nyumba za serikali za Naguru na Nakawa, ambazo hazikuwa za matao ya May bali ziliinuka katika eneo lile lile ambalo mipango ya wakati wake iliwatengea Waafrika, zilibomolewa baada ya wapangaji kuondolewa. Jumba lilikuwa la wote, kwa hiyo lilipata mawakili. Nyumba zilikuwa za wapangaji ambao hawakuwahi kuhesabiwa kuwa wenye kauli tangu ramani ya kwanza, na sauti yao haikutosha.

Kwa mujibu wa hayo, hukumu yangu juu ya Ernst May ni kwamba alikuwa msanifu wa daraja ya kwanza ambaye kazi yake ilipanda na kushuka kwa kadiri ya heshima aliyoruhusiwa kuwa nayo mwenye kuitumia. Aliyekuwa na kura au fedha alipata kilicho bora. Aliyesemewa na wengine alipata kilichodhaniwa kumfaa. Na kwa kuwa leo hii katika miji yetu bado twajenga nyumba za bei nafuu kwa maelfu, zikichorwa maofisini kwa ajili ya watu wasiokaribishwa maofisini humo, ombi langu kwa mabaraza ya miji na mashirika yetu ya nyumba ni dogo: kabla ya mchoro wa kwanza, mwiteni mpangaji, mkalisheni kitini, mmuulize anataka mlango wake uelekee wapi.